Kilio cha Foleni ya Meno

Mtu mzima mwenye mvi ndevuni asisome riwaya za vijana hadharani. Asomee nyumbani, mlango umefungwa, leso iko jirani. Nasema haya baada ya mwezi mzima wa kupambana na rundo la vitabu aliloniachia mpwa wangu, binti wa sekondari aliyeniambia usoni kwamba watu wa rika langu tunasoma vichwa vya habari tu, halafu tunabishana.

Rundo lilianza na The Hunger Games ya Suzanne Collins, ya mwaka 2008. Huyu mama aliwahi kuandikia vipindi vya watoto vya televisheni, na ujanja wote anaujua: sura inakatika pale pale unapotaka kujua nani kafa. Katniss, msichana ambaye ndiye mhusika mkuu, naye anasimulia mambo yakiwa yanatokea, kwa hiyo ukizima taa unahisi umemtelekeza porini. Unajiambia hii moja tu nilale. Sura ni 27. Kazini nikafika na macho mekundu, bosi akanivuta pembeni kuniuliza kama nyumbani kuna amani.

Ikafuata The Outsiders ya mwaka 1967. S. E. Hinton aliiandika akiwa bado mwanafunzi, na zile herufi mbili zinaficha jina la Susan, maana ilihofiwa kwamba wahakiki wa kiume wangemdharau msichana anayeandika habari za magenge ya wavulana. Umri ule mimi nilikuwa nanakili barua za mapenzi za wenzangu, tena nasahau kubadilisha jina la mpenzi. Rosa Mistika ya Kezilahabi, ya mwaka 1971, niliisoma jalada limefunikwa kwa gazeti. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na mpaka leo nikiishika nahisi mwalimu wa zamu yuko nyuma yangu. Frankenstein ya Mary Shelley niliisoma mchana tu. Sina la kuongeza hapo.

Ndipo ikaja zamu ya The Fault in Our Stars ya John Green, ya mwaka 2012, ikagongana na siku yangu ya kusafishwa meno.

Jino bovu sikuwa nalo, nilikwenda kuondolewa ugaga basi. Lakini kiti kile nakiogopa tangu utotoni, nikaona nijisahaulishe kwa kitabu. Chumba cha kusubiri kilikuwa kimejaa, kila mtu kashika shavu lake. Kitabuni, Hazel ana miaka 16, saratani imemfika mapafuni, anaburuta mtungi wa oksijeni kila aendako. Augustus, mpenzi wake, alikatwa mguu kwa saratani ya mfupa. Hazel ana riwaya anayoipenda kupita kiasi, na riwaya hiyo inakatika katikati ya sentensi. Basi wanapanda ndege kutoka Marekani hadi Amsterdam kumuuliza mwandishi wake nini kilitokea baadaye. Wanamkuta mlevi, mdomo mchafu, na jibu hatoi. Kuvuka bahari nzima kutafuta mwisho wa hadithi! Nikawaona watoto hawana akili.

Halafu Augustus akafa.

Kwanza yalikuwa makamasi, nikajidai nina mafua. Mara mabega yakaanza kutikisika, ikanitoka kwikwi moja iliyomwamsha mtoto wa watu usingizini.

"Mwanangu, linauma sana?" akauliza bibi mmoja jirani yangu.

Nikatikisa kichwa.

"Umefiwa?"

Kukana nilitaka, lakini kwikwi ya pili ikakiinamisha kichwa kabla sijakizuia.

"Jamani! Nani yako?"

"Augustus."

"Mtu mzima?"

"Kijana tu, bibi. Saratani."

Chumba kizima kikanyamaza. Mzee mwenye shavu lililofura akavua kofia. Kijana wa dirishani akazima muziki wa simu yake. Muuguzi akaniletea maji, kisha akatangaza kwamba mfiwa apishwe aingie kwanza, na hakuna aliyenung'unika, ingawa muda mfupi kabla ya hapo foleni hiyo hiyo ilimrudisha nyuma mtu aliyedai anauliza tu.

"Mnazika lini?" bibi akanong'ona, kanishika mkono.

"Ukurasa unaofuata," nikajibu.

Lilinitoka hivyo hivyo. Msichana wa kama miaka kumi na mitano aliyekaa mkabala nasi akainama, akachungulia jalada la buluu mapajani mwangu, akashusha pumzi.

"Bibi, mwache tu. Kafika pale Gus anapokufa, anamwacha yule msichana mwenye mtungi wa oksijeni. Mimi pale nilikataa hata kuongea na watu."

"Gus yupi? Wa kitabuni?"

Mzee akairudisha kofia kichwani, taratibu, bila kuniondolea macho. Bibi akanitazama kutoka kwenye ndevu hadi kwenye viatu, nami nikajiandaa kusemwa. Badala yake akaniachia mkono, akahamia upande wa yule binti.

"Na huyo msichana mwenye mtungi? Aliachwa na nani?"

"Sasa sikiliza, bibi. Baada ya mazishi..."

"Usiseme!" nikaruka. "Sijamaliza!"

"Ziba masikio," bibi akasema. "Umetuliza hapa, tumekuonea huruma ya bure, sasa tuambiwe."

"Haya, aingie huyo mfiwa," muuguzi akaita.

Niliingia mbio. Daktari alisema tangu aanze kazi hajaona mgonjwa anakikimbilia kile kiti. Nikajilaza, nikaachama mwenyewe kabla hajaomba. Kumbe mlango ni wa mbao nyepesi, na mtu aliyelazwa pale, mdomoni kuna kioo, pamba na mrija wa kufyonza mate, mikono imebanwa chini ya kile kitambaa cha plastiki, hana la kufanya na masikio yake.

"Barua?" sauti ya bibi ikapenya. "Kumbe aliacha barua!"

Nikakitolea macho kile chombo cha kusafishia chenye kelele.

"Inauma?" daktari akauliza.

Nikakataa kwa kichwa, nikakionyesha tena kwa macho.

"Niwashe?"

Nikaitikia kwa nguvu hadi kioo kikagonga jino. Akawasha. Sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule. Nikafumba macho, maji yakinirukia puani, raha tupu.

Mlango ukafunguliwa kidogo, muuguzi akaingiza kichwa.

"Daktari, samahani. Zima hicho kitu kidogo, huku nje hatusikii."