Barua ya Machi, tarehe ya leo

Hivi nyie mliotengeneza Word, nani aliwaomba tarehe inayojibadilisha yenyewe? Umeandika barua ya kumdai mpangaji mwezi Machi. Agosti mnafikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, unafungua faili kwa mbwembwe umwoneshe: juu kabisa, tarehe ya leo! Leo hii! Mpangaji anakenua, mwenyekiti anakutazama kama tapeli.

Yote hayo kwa sababu ya kiboksi kidogo pale unapoingiza tarehe kwenye Word, eti ijisasishe yenyewe. Na ukibonyeza Alt+Shift+D ndiyo balaa kabisa, tarehe hai inaingia bila hata kuulizwa.

Sasa iombe hesabu. Unataka tu siku 30 mbele, mwisho wa kulipa. Excel unaandika =TODAY()+30, umemaliza. Word? Thubutu! Uchomeke fomula ndani ya fomula, uifundishe kwamba Februari ina siku 28, mwaka mrefu 29, na Desemba ikiisha mwaka unaongezeka. Kompyuta nzima haijui baada ya Desemba ni Januari! Mtoto wa chekechea anajua!

Ukifanikiwa (hongera, umezeeka), deni nalo linaanza kutembea. Kila ukifungua faili, mdaiwa kaongezewa muda. Nani kapewa neema hiyo kwenye VICOBA?

Wenzangu mnaoteseka, wekeni kishale kwenye hiyo tarehe, Ctrl+Shift+F9, igande hapo hapo. Kisha tumeni PDF. Na wewe fundi unayesema "mbona rahisi tu", njoo basi. Nina mikataba hapa inasubiri.