Tarehe ya kuzaliwa isikudanganye

Kuna makala inayowashauri watangazaji waelekeze bajeti yote ya gemu za simu kwa vijana wa kiume wa miaka 18 hadi 24. Hapo ndipo pesa inapopotelea. Kwa Marekani, ripoti za ESA, chama cha kampuni za gemu, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba wanawake wanakaribia nusu ya wachezaji.

Shida kubwa zaidi ni tarehe ya kuzaliwa ambayo mchezaji hujaza anapojisajili. Mtoto wa miaka 10 anayetaka kuingia haraka huburuta mwaka mpaka ufike mbali, siku na mwezi anaviacha kama alivyovikuta. Chora grafu ya tarehe zote: ukiona mlima kwenye 1 Januari, au tarehe ile fomu inapofungukia, kundi hilo liondoe kwenye hesabu. Kisha uliza swali moja tu la umri ndani ya gemu, kwa zawadi ya sarafu. Nusu ya wachezaji waone orodha ikianzia umri mdogo, nusu mkubwa, maana wengi hubonyeza jibu la kwanza ili wachukue sarafu zao.

Halafu kitambulisho cha matangazo, ile namba watangazaji wanayotumia kumtambua mchezaji, ni cha simu, si cha mtu. Simu ya mama ikichezewa na watoto jioni, takwimu zinawachanganya wote. Zitenganishe kwa saa. Kwenye iPhone, tangu iOS 14.5 ya Aprili 2021, mwenye simu asiporuhusu kufuatiliwa hupati hata hicho. Na ukishuku ni mtoto, mpe tangazo linalofuata maudhui ya gemu, lisilomfuatilia yeye: sheria ya Kenya ya 2019 ya ulinzi wa data inadai ridhaa ya mzazi kabla ya kutumia data za mtoto.