Sanamu za Parthenon: Ugiriki wana haki, ila siyo kwa ile sababu inayopigiwa kelele zaidi

Kila ishu ya sanamu za Parthenon, zile za Athens ambazo karibu nusu ziko British Museum, makumbusho makubwa ya London, na Ugiriki wanazidai, ikirudi kwenye habari watu wanagawanyika hapohapo, hawa wanasema Waingereza wezi warudishe vitu vya watu, wale wanasema bila Waingereza hizo sanamu zingekuwa kifusi saa hizi, na baada ya hapo hakuna anayemsikiliza mwenzie tena. Mimi niko upande wa kurudisha, nalisema mapema mtu asije akadhani nauma na kupuliza. Lakini naona upande wetu tunang'ang'ania hoja dhaifu tunaiacha ile nzito, na wale wa ng'ambo ya pili nao wana mambo mawili matatu ya kweli ambayo hatupendi kuyasikia.

Tuwekane sawa kwanza kwa ambaye hajaifuatilia. Parthenon ni hekalu la mungu wa kike Athena, lilijengwa Athens juu ya kilima cha Acropolis kati ya mwaka 447 na 432 kabla ya Kristo, kazi ya sanamu ikisimamiwa na Phidias. Baadaye likawa kanisa, halafu Waturuki wa dola ya Osmani walipoichukua Athens karne ya 15 likageuzwa msikiti. Mwaka 1687 jeshi la Venice lilikuwa limeizingira Acropolis, Waturuki wameweka baruti yao humo ndani, kombora likatua, paa likaruka na sehemu kubwa ya katikati ikasambaratika. Kwa hiyo anayesema Elgin ndo aliyelifanya Parthenon kuwa gofu anakosea, alilikuta gofu tayari.

Huyo Elgin ni Thomas Bruce, bwana mkubwa wa Scotland, balozi wa Uingereza kwa Sultani kuanzia 1799. Mwanzoni alituma wachoraji na mafundi wa plasta wakachukue nakala tu, maana alikuwa anajenga nyumba kubwa kwao Broomhall na alitaka kuipamba. Kuanzia 1801 watu wake, wakiongozwa na mchoraji Mtaliano Lusieri, wakaacha nakala wakaanza kushusha vitu vyenyewe. Walichoondoka nacho ni karibu nusu ya sanamu zote zilizokuwa zimebaki: mita 75 hivi za ule mkanda wa michongo uliokuwa unazunguka jengo (mzima ulikuwa mita 160), vibao 15 vya michongo, na sanamu 17 za kwenye zile pembetatu za mbele na nyuma ya paa. Mwaka 1816, madeni yamemkaba, akaiuzia serikali ya Uingereza kwa pauni 35,000, chini ya nusu ya gharama alizodai ametumia, na Bunge likaupa mzigo wote British Museum.

Sasa hoja ya wizi. Waingereza wanasema alikuwa na ruhusa ya Waturuki ambao ndo walikuwa serikali, na Wagiriki wanasema hiyo ruhusa haikumpa mamlaka ya kubomoa. Barua yenyewe ya Kituruki haijawahi kuonekana, kilichopo ni tafsiri ya Kitaliano, na tafsiri hiyo inaruhusu watu wake kuchora, kupiga plasta, kuchimba, na kuchukua vipande fulani vya mawe. Ukiisoma bila ushabiki, vipande vya mawe vilivyolala chini baada ya kuchimba ni kitu kimoja, kupanda ngazi ukang'oa vibao vilivyo bado ukutani ni kitu kingine kabisa. Na waling'oa kweli, walivunja mawe ya ukingo wa juu ili vibao vitoke, na vipande vya ule mkanda wakavikata mgongo kwa msumeno ili viwe vyepesi kusafirisha. Msafiri mmoja Mwingereza wa wakati huo, Edward Daniel Clarke, aliandika kwamba mkuu wa ngome ya Acropolis alipoona mawe yanaporomoka alitoa kiko mdomoni na chozi likamtoka. Huyo alikuwa ofisa wa hao hao Waturuki wanaosemekana waliruhusu.

Hata hivyo mimi nadhani tukisimamia hapa peke yake tunapoteza muda. Waosmani walikuwa wameitawala Athens zaidi ya miaka 300, sheria za zama zile zilikuwa zao, na wakubwa wa Istanbul waliuachia mzigo uliobaki usafiri mwaka 1810 wakijua ni kitu gani. Wakili mzuri wa London anaweza kuivuta kesi hii miaka hamsini na asishindwe. Ni kama mpangaji amemruhusu mgeni kung'oa mlango wa nyumba: mwenye nyumba ana kila sababu ya kuja juu, lakini ukiingia kwenye makaratasi utakuta kila mtu ana chake cha kuonyesha. Mwaka 2024 mwakilishi wa Uturuki alisema kwenye kikao cha UNESCO kwamba wao hawaijui hati yoyote iliyohalalisha ule ununuzi, upande wetu tukashangilia sana, na ni kweli lina uzito, ila London haikutikisika hata kidogo.

Halafu kuna hoja ya kwamba Waingereza waliziokoa, na hapa niwe mkweli kwa pande zote. Sanamu zilizobaki Athens ziliteseka. Moshi wa magari na viwanda wa karne ya 20 uliyala yale marumaru taratibu, nyuso zikafutika, na sehemu ya mkanda ya upande wa magharibi ilibaki pale juu ukutani mpaka 1993 ndo ikashushwa. Ukiiweka pembeni ya nakala za plasta ambazo Elgin mwenyewe alizichukua, unaona kwa macho kilichopotea. Anayedai sanamu zile zingekuwa salama zaidi Athens kwa karne mbili zote hizi hasemi kweli.

Lakini London nako hakukuwa hospitali. Meli mojawapo iliyobeba mzigo, Mentor, ilizama 1802 karibu na kisiwa cha Kythera, na ni wazamiaji wa Kigiriki, wale wavunaji wa sponji wa baharini, waliozipandisha sanamu kutoka chini ya bahari. Halafu mwaka 1937 na 1938 wafanyakazi wa British Museum walizisugua kwa vyuma na dawa kali ili ziwe nyeupe, kwa sababu tajiri aliyekuwa analipia ukumbi mpya alizitaka nyeupe, wakaondoa ngozi ya juu ya marumaru ambayo hairudi tena. Na 2023 makumbusho hayo hayo yalitangaza kwamba vitu kama 2,000 vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa kwenye ghala, mkurugenzi akajiuzulu. Sanamu za Parthenon hazikuguswa kwenye huo wizi, tusichanganye. Ila ile lugha ya sisi ndo walinzi wa kuaminika duniani haina miguu tena, na tangu 2009 Athens wana jumba jipya la kisasa kabisa chini ya kilima, kwa hiyo hoja ya usalama imekufa pande zote mbili.

Hoja ya Waingereza ninayoiheshimu kuliko zote ni ya makumbusho ya dunia nzima. Unaingia British Museum bure, hulipi hata senti, mwanafunzi wa kutoka popote anaona Misri, Ashuru, Uajemi na Ugiriki asubuhi moja, anaona nani alijifunza kwa nani. Hilo jambo lina thamani na watu karibu milioni 6 wanaingia pale kwa mwaka. Najiuliza tu dunia gani hiyo, maana viza ya Uingereza kwa kijana wa Lindi au Kisumu ni mlima, lakini viza ya Ugiriki nayo siyo mteremko, kwa hiyo siwezi kuitumia hiyo kuwapiga Waingereza peke yao.

Sasa niseme ile ambayo kwangu inamaliza mjadala. Hizi siyo sanamu mia moja tofauti ambazo kila moja inajitegemea. Ni kazi moja. Ule mkanda ni msafara mmoja wa sikukuu ya Athena, wapanda farasi wanapanga mstari, vijana wamebeba mitungi, ng'ombe wa sadaka wanaburutwa, kuna mmoja ameinua shingo analia kuelekea juu na yupo London, na msafara huo umekatwa, karibu nusu yake iko London, mita kama 50 ziko Athens, kipande kiko makumbusho ya Louvre kule Paris. Mbaya zaidi ni Poseidon, yule mungu wa bahari aliyekuwa kwenye pembetatu ya magharibi. Kifua chake kiko Athens, mabega na sehemu ya mgongo viko London. Mwili mmoja, jiwe moja, fundi mmoja aliupitishia patasi, na sasa ukiwa Athens unaona kifua cha marumaru kimeungwa na plasta nyeupe pale ambapo bega linatakiwa kuwa. Ukumbi wa juu wa jumba la Athens umepangwa uelekeo uleule wa hekalu, vioo pande zote, unatazama mchongo halafu unageuza shingo unaliona jengo ulikotoka, na kila penye plasta unajua kipo wapi cha asili. Hakuna hoja ya makumbusho ya dunia inayoeleza kwa nini kifua na bega vikae nchi mbili.

Waziri mkuu wa Ugiriki, Mitsotakis, aliwahi kuifananisha na Mona Lisa iliyokatwa nusu, alisema hivyo BBC Novemba 2023, na siku iliyofuata Sunak, waziri mkuu wa Uingereza wakati huo, akafuta kikao chao. Mtu anafuta kikao cha serikali kwa sababu ya mfano, ujue mfano umegusa penyewe.

Hapa kuna jambo nataka wenzangu wa Afrika Mashariki tulitazame vizuri, maana wengi tunaishangilia Ugiriki tukidhani wakishinda wao mlango umefunguka na kwetu. Ile ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, Ngadji, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwaka 1902 na iko British Museum hiyohiyo, tena stoo. Hiyo ni nzima, haijakatwa, kwa hiyo hoja ya kuunganisha vipande haiisaidii. Yenyewe inasimama kwenye hoja ya kunyang'anywa na ya watu walio hai ambao ngoma yao imenyamazishwa, na kwangu hiyo ni nzito kuliko hata ya Wagiriki. Ndo maana ile hofu ya Waingereza kwamba wakirudisha kimoja vitaondoka vyote haina msingi, kila kitu kina kesi yake na kipimwe kwa kesi yake.

Kinachokwamisha leo ni sheria. Sheria ya British Museum ya 1963 inawakataza wadhamini, yaani bodi inayoyasimamia makumbusho, kutoa vitu isipokuwa kwa sababu chache sana. Mwenyekiti wao George Osborne amekuwa akiongea na Athens kuhusu mkopo na kubadilishana, makumbusho wanakopesha, Ugiriki wanatuma hazina nyingine London. Lakini anayekopa kwa British Museum anatakiwa akubali kwamba mali ni yao, na hakuna serikali ya Ugiriki itakayosaini karatasi hiyo ikabaki madarakani, na mimi siwalaumu. Kinachouma ni kwamba 2014 London ilimkopesha Urusi sanamu ya Ilissos, mojawapo ya hizi hizi, ikaenda St Petersburg, yaani ilisafiri vizuri tu.

Wengine wamepata njia. Makumbusho ya Palermo kule Italia yalianza na mkopo wa kipande kimoja cha Parthenon Januari 2022, mwaka huohuo ukageuka kuwa wa kudumu. Vatican 2023 walirudisha vipande vitatu kama zawadi ya Papa Francis kwa Askofu Mkuu wa Athens, siyo serikali kwa serikali, hakuna aliyelazimishwa kukiri lolote. Uingereza haiwezi kufanya zawadi bila Bunge, lakini Bunge linaweza likitaka. Mwaka 2005 mahakama ilisema British Museum haiwezi kurudisha michoro iliyoporwa na Wanazi hata kama dhamiri inawasuta, na 2009 Bunge likapitisha sheria fupi ya kuruhusu vitu vilivyoporwa enzi hizo virudi. Kwa hiyo shinikizo lielekezwe Westminster, kwa wabunge, kudai sheria fupi ya namna hiyo kwa Parthenon, kwa sababu wadhamini hata wakikubali kesho asubuhi hawana mamlaka ya kuzitoa.