Saa 96 hazitoshi

Mwandishi wa habari niliyoisoma anasema kemikali fulani ya kiwandani ni salama kwa samaki kwa sababu samaki waliowekwa ndani ya maji yenye kemikali hiyo walikuwa hai baada ya saa 96. Hapo namkatalia. Saa 96 hupima sumu kali, ile inayoua upesi; hazisemi lolote kuhusu samaki atakayeishi humo maisha yake yote. Kwa sumu ya muda mrefu kuna mwongozo wa majaribio namba 210 wa OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la kimataifa: unaanza na mayai yaliyotoka kurutubishwa, unawafuatilia vifaranga wiki kadhaa baada ya kuanguliwa, unahesabu waliokufa, waliopinda na waliodumaa. Nimewahi kusimamia matangi ya namna hiyo, na kinachosumbua si samaki, ni maji: baadhi ya kemikali hunata kwenye kuta za tangi au hupaa hewani, ukipima unakuta sehemu kubwa ya ulichotia haimo. Asiyepima maji mara kwa mara anajidanganya. Na hata hiyo 210 haifiki kwenye uzazi. Huko Ontario, Kanada, watafiti walitia homoni ya vidonge vya uzazi wa mpango katika ziwa dogo kuanzia 2001 hadi 2003, nanogramu 5 au 6 hivi kwa lita. Samaki madume wakaanza kutengeneza protini ya kiini cha yai, na minnow, samaki wadogo wa ziwa lile, wakakaribia kutoweka. Kwa kipimo cha saa 96 wangeonekana wazima kabisa! Kuna anayejua kama kemikali hii ya kwenye habari imefuatiliwa hata kwa kizazi kimoja?