Mtungi hujengwa na mwanga

Anayeuona mmea wa Nepenthes, unaonasa wadudu kwa mitungi yake, kwa mara ya kwanza huuliza unakula nini. Ni wachache wanaouliza unapata mwanga kiasi gani, na hilo ndilo swali linaloamua kama mmea huu utaishi ndani ya nyumba.

Mtungi wenyewe ni sehemu ya jani. Ncha yake hurefuka kama kamba, ikavimba, kisha ikafunguka kwa juu. Mdudu huvutwa na utomvu mtamu wa ukingoni, akateleza, akazama kwenye maji yenye vimeng'enya vya kumyeyusha. Kwake mmea hupata naitrojeni na fosforasi, vitu adimu katika udongo wa asili yake. Sukari ya kujengea mwili hujitengenezea kwa mwanga, sawa na mchicha. Kwenye kiza majani hurefuka na kulegea, ncha zikakauka bila kuvimba, na hapo hata nzi wa kuulisha hana pa kutiwa.

Wapo wanaosema kuufungia mmea wa porini chumbani chini ya taa ni kuutesa. Siafiki hata kidogo. Kwenye makazi ya asili ya mmea huu, visiwa vya Borneo na Sumatra, hata Shelisheli ambako aina ya Nepenthes pervillei huota juu ya miamba ya kisiwa cha Mahé, urefu wa mchana hukaribia saa 12 mwaka mzima. Dirisha la London mwezi Desemba hupata takriban saa 8 za mwanga hafifu. Taa nyeupe ya LED iliyowashwa kwa muda wa saa 12 hadi 14 kila siku inaurudishia mmea mchana wake. Jani likianza kupata wekundu, mwanga unatosha; likiungua madoa, inua taa. Mwagilia maji ya mvua, na mbolea usiweke kwenye udongo.

Kuna jambo moja ambalo taa haiwezi: baridi ya usiku. Nepenthes rajah ya Mlima Kinabalu, Borneo, inaihitaji, kwa hiyo mtu wa Mombasa au Dar achague aina za nyanda za chini kama Nepenthes ampullaria, ambayo hula hata majani makavu yanayodondokea mitungini.

Na tafadhali, nunueni miche iliyozalishwa kitaluni au maabara. Nepenthes clipeata ya Mlima Kelam, Borneo, imekaribia kutoweka porini, na wakusanyaji wamechangia sana. Muuzaji akishindwa kukueleza mche umezalishwa wapi, usinunue, hata akikupunguzia bei.