Faili moja linalofuta hesabu za watu

Jumamosi iliyopita mtunza hazina wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa alinipigia simu akiwa karibu kulia, kwa sababu hisa za wanachama alizoziingiza jioni nzima katika programu aliyotengenezewa na kijana mmoja wa mtaani hazikuwamo tena alipoifungua asubuhi. Mama huyo alidhani amekosea yeye. Hakukosea, na kinachoniudhi ni kwamba kosa lenyewe linafundishwa.

Kijana aliandika skripti nzuri ya Python, lugha ya kuandikia programu, akaifungasha kwa PyInstaller, zana inayogeuza skripti kuwa programu ya kubofya, kwa kutumia chaguo la --onefile linaloweka kila kitu katika faili moja, kama masomo mengi ya mtandaoni yanavyoelekeza. Faili linalopatikana huonekana kuwa programu kamili, kumbe ni mzigo uliofungwa: kila linapobofywa hujifungua katika folda ya muda ambayo jina lake huanza na _MEI, huiendesha programu humo, kisha huifuta folda hiyo programu inapofungwa. Skripti iliyoagizwa kupitia __file__, jina ambalo Python hutajia mahali skripti ilipo, iweke kanzidata (hifadhi ya kumbukumbu za hisa) kando yake huiweka humo humo, na michango ya watu hufutwa pamoja nayo. Mwandishi haioni hitilafu hii anapoijaribu skripti kwake, kwa kuwa kabla ya kufungashwa hukaa mahali pamoja siku zote. Umeme ukikatika programu ikiwa wazi, folda ile hubaki, na baada ya miezi ya kukatikiwa huko diski ndogo ya kompyuta kuukuu hujaa pasipo mwenyewe kujua sababu.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba faili moja ni jepesi kubeba kwenye flashi. Hata hivyo, PyInstaller yenyewe isipoagizwa vingine hutoa folda, na maelezo yake rasmi yanahimiza programu ihakikishwe kwanza katika folda kabla ya kuifanya faili moja. Folda hubanwa kuwa zipu ikabebeka vilevile. Programu za kuzuia virusi nazo huyashuku zaidi mafaili haya yanayojifungua, hata yasiyo na hatia.

Jumatatu nilikaa na kijana huyo tukaifungasha upya kama folda, na kanzidata tukaihamishia katika folda ya nyumbani ya mtumiaji, ambako haiguswi programu inapofungwa au kubadilishwa. Hisa zote zimeingizwa tena, kwa sababu mama alikuwa bado anaandika kila mchango katika daftari lake.