Simu Nzima, Ila Imepitwa

"Mwalimu, simu yako nzima kabisa. Ila imepitwa."

Fundi alinirudishia simu kwa mikono miwili, na sauti aliyotumia ni ile ya kutoa pole msibani. Tulikuwa Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kwenye kibanda ambacho upana wake ni mlango mmoja tu, na ukuta wote umejaa vioo vya simu vilivyopangwa kama samaki wa kukausha. Mimi nilikwenda Dar kufuatilia mafao yangu ya kustaafu, nikaona nipitie hapo mara moja.

Simu yenyewe haina ufa. Chaji inakaa siku nzima. Inapiga, inapokea, inapiga picha. Kilichokufa ni ile programu ya meseji ambayo kila mtu yumo: kundi la ukoo, kundi la walimu wastaafu, kundi la mazishi la mtaani. Asubuhi moja iliniandikia kwamba niiapudeti, la sivyo haitafanya kazi tena. Nikabonyeza. Ikajibu kwamba kwenye simu hii haiwezi kuapudetiwa. Nikabaki nazitazama zile sentensi mbili kama ninayesahihisha insha ya mtoto anayejikana mwenyewe.

"Sasa nifanyeje, mwanangu?"

"Utafute nyingine tu, mwalimu. Hii mpe mjukuu achezee gemu."

Baiskeli ya marehemu baba ilikuwa Phoenix ya Kichina. Ilichanika tandiko, ikapinda ringi, ikaoza madigadi, na siku ilipokufa hakuna aliyebisha kwamba imekufa. Redio yetu ya mbao nayo ilianza kukoroma, ikaishia kuwa kiota cha mende. Kifo cha namna hiyo nakielewa. Hiki cha kitu kuzikwa kikiwa kinapumua bado hakijaniingia akilini, na nina umri wa miaka sitini na moja.

Mtu asinielewe vibaya. Mimi si wale wanaosema zamani ndiyo ilikuwa raha. Nilipokuwa nafundisha Handeni, mama yuko Muheza, pesa ya matumizi nilikuwa naitia kwenye bahasha, naandika jina juu, namkabidhi kondakta wa basi pamoja na nauli yake ya soda. Halafu nasubiri. Mara imefika, mara imefika pungufu, mara kondakta amehamishiwa gari jingine na haonekani mwezi mzima. Mwaka 2008 M-Pesa ilipoingia Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya, nilituma shilingi elfu kumi kwa majaribio, na kabla sijairudisha simu mfukoni mama akapiga kusema imeingia. Nilikaa chini kwenye benchi la wakala. Anayesifia zamani hajawahi kusubiri bahasha.

Na wakati huo simu yangu ilikuwa Nokia 1100, ile yenye tochi kichwani, iliyotoka mwaka 2003. Duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250, na nadhani nusu ya walimu wa Handeni walikuwa nayo. Nilijifunza kuitumia alasiri moja, chini ya mwembe, na elimu ile nikaila miaka saba bila kuongezea neno. Kidole gumba kilijua njia gizani. Tulikuwa na lugha yetu ya kubipu: mlio mmoja, nimefika salama, miwili, nipigie wewe maana sina vocha, mitatu, kuna jambo. Mazungumzo ya ukoo mzima bila senti tano.

Kisha binti yangu akaniletea simu ya kupangusa. Alikuja nayo likizo, imefungwa kwenye boksi lake, amenipambia na picha ya marehemu mama yake kwenye kioo. Ningekataaje?

Mimi ni mwalimu, nikafanya nilichozoea. Nilinunua daftari la kurasa sitini na nne, nikaandika juu yake "SIMU", nikamwambia binti anifundishe somo moja moja, mimi niandike hatua. Somo la kwanza: kupokea. "Gusa duara la kijani." Nikagusa. Miezi kadhaa ikapita, nikaamka asubuhi, duara halitaki kuguswa, linataka kusukumwa juu. Nikakata mstari kwa kalamu nyekundu, nikaandika upya: "Sukuma juu." Baadaye tena likataka kuvutwa pembeni. Sasa fikiria uko sokoni, mkono mmoja umeshika fungu la mchicha, simu inalia, mjomba hospitali ndiye anayepiga, na wewe unabembeleza duara kama paka. Nilizikosa simu tatu siku ile.

Nani aliomba kitufe kihamishwe? Hilo ndilo swali langu, na nimewauliza vijana wengi. Wananijibu kwamba ni maboresho. Nimefundisha darasani miaka thelathini na nne na nimeona mitaala ikibadilishwa kabla watoto hawajamaliza vitabu vya ule uliopita, kwa hiyo neno maboresho nalijua vizuri. Lakini hata wizara ikibadili mtaala, mwalimu huletewa waraka na huitwa semina, na posho kidogo juu. Simu inabadilishwa wewe umelala. Unaamka asubuhi umeshafeli.

Nusu ya daftari lile sasa ni mistari myekundu.

Yale ya watoto kuinamia simu mezani wakati wa chakula sitayasema, yameshasemwa na kila mtu, na ukweli ni kwamba mimi mwenyewe juzi nimekesha hadi saa saba usiku nikitazama video za Mhindi mmoja anayechimba kisima kwa sululu. Sina kisima. Sina mpango wa kuchimba.

Kinachoniuma zaidi ni kingine, na chanzo chake ni barua. Nikiwa darasa la sita, miaka ya sabini, nilikuwa msomaji wa barua wa mtaa wetu. Muheza wakati ule mashamba ya mkonge yalikuwa na watu wa kila kabila, wengi kutoka Kigoma, na wengi hawakuwa wamepita shule. Kisomo cha watu wazima kilikuwa kimeanza, mama yangu alijifunzia huko, lakini wapo waliokiona ni mambo ya wanawake. Basi jioni mzee anakuja na barua, tunakaa nyuma ya nyumba, nasoma kwa sauti ya chini. "Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Ama kuhusu mimi ni mzima wa afya..." Halafu yanakuja yenyewe: mke ameondoka, ng'ombe ameuzwa, mtoto hakuwa wake. Nililipwa kipande cha muwa au andazi. Na mama alinionya mara moja tu: ukitoka pale, umesahau. Nikasahau. Mpaka leo wapo wazee ambao naijua siri yao na watoto wao hawaijui.

Sikuwahi kuwaza wale wazee walijisikiaje.

Sasa najua. Benki yangu imefunga dirisha nililozoea, kila kitu kiko kwenye programu, na hiyo programu imenishinda. Inataka neno la siri lenye herufi kubwa, herufi ndogo, namba na alama. Kisha inatuma namba nyingine kwenye meseji, na inakupa sekunde chache kuiandika, mpaka nivae miwani muda umeisha. Nikijaribu mara tatu inanifungia. Kwa hiyo binti yangu anayo namba yangu ya siri. Anajua mafao yalipoingia yalikuwa kiasi gani. Anajua nilimkopesha nani, na nani hajalipa. Anajua kuna mama mmoja Korogwe ambaye mimi humtumia kidogo kila mwisho wa mwezi, na hajaniuliza, na kutoniuliza kwake ndiko kunakonifanya niangalie chini.

Ni mtoto mwema. Hata senti haijapungua. Lakini mzazi kuwa kama barua iliyofunguliwa mbele ya mtoto wake si jambo dogo, na sioni likizungumzwa. Tunahesabu wangapi wana simu janja. Hatuhesabu wangapi wanaitumia kwa mkono wa mtu mwingine. Kila mtaa una wakala ambaye bibi anampa simu na namba ya siri kwa pamoja, "nitolee mwanangu elfu tano", kwa sauti inayosikika hadi barabarani. Halafu tunashangaa matapeli wanapompigia na kumwambia "ile hela itume kwenye namba hii". Huyo bibi siri aliitoa siku nyingi, na aliitoa kwa sababu hakupewa njia nyingine.

Mama yangu amevuka themanini, na yeye hajanyanyuka kwenye kitochi. Nilipompeleka kusajili laini kwa alama za vidole, Januari 2020, siku ya mwisho ikiwa tarehe 20, foleni ilizunguka jengo. Alipofika zamu yake mashine ikakikataa kidole gumba. Ikakataa cha shahada. Kijana akampangusa kwa kitambaa, akapulizia, akajaribu tena. Vidole vimelimwa na jembe miaka sitini, vimebaki laini kama kokoto ya mtoni. "Bibi hana alama," kijana akasema. Mama akaitazama mikono yake, akamwambia, "Alama ziko shambani, kaziangalie." Walicheka hadi waliokuwa mwisho wa foleni. Cha nane ndicho kilikubali.

Mwaka 2024 nilikuwa kwake usiku umeme ukaisha. Nikanunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa simu, nikajivuna kidogo. Badala ya tarakimu ishirini za kubonyeza kwenye mita zikaja sitini, mafungu matatu. Ni ule mwaka wa kuboresha mita. Sababu yake niliielewa baadaye na naipenda kuisimulia: mita hizi, huku na nchi nyingine nyingi, zilikuwa zikihesabu dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa dakika ya milioni 16 na ushee, tarehe 24 Novemba 2024. Yaani hata hesabu huzeeka. Ulipoingiza mafungu mawili ya kwanza, mita ilianza kuhesabu upya, ndipo la tatu likaleta umeme.

Lakini usiku ule sikujua hayo. Nilijua tu kwamba simu yangu ina chaji asilimia nne na kioo kinazima kila nikifika tarakimu ya kumi. Nikizima nikiwasha, nimepotea mstari. Mama akaondoka kimya, akarudi na kalenda ya mwaka juzi na kipande cha mkaa. "Soma, niandike." Nikamsomea nne nne, akaandika nyuma ya Machi, namba kubwa kama za kwenye boti. Fungu la tatu nilipolimaliza simu yangu ikakata roho. Akawasha tochi ya kitochi, akaninyooshea kwenye mita, mimi nikabonyeza. Umeme ulipowaka alikuwa anajifuta mkaa kwenye kanga, hajasema neno, ila uso wake uliyasema yote.

Simu mpya nimenunua. Mtumba kutoka Dubai, kioo kikubwa kama kigae, na sijuti, kwa sababu moja. Mdogo wangu yuko Maskati mwaka wa tisa, na mtoto wake wa mwisho kazaliwa huko, mama hajawahi kumwona. Ijumaa moja nikaipiga ile simu ya picha, nikamshikia mama uani. Mtoto akatokea, jino moja, anacheka. Mama hakusalimia. Alinyoosha kidole taratibu amguse shavu.

Simu ikakatika. Aligusa kitufe chekundu.

Nikapiga tena. Akamgusa tena. Ikakatika. Mara ya tatu mdogo wangu akauliza kama huku mtandao ni mbaya, nikamwambia ndiyo, mbaya sana.

Basi nikachukua lile daftari, nikamchorea mama simu ukurasa mzima, na chini, katikati, duara jekundu lenye msalaba: HAPA USIGUSE. Alilielewa mara moja. Tangu hapo Ijumaa ikifika anakaa kitako, anaificha mikono yote miwili ndani ya kanga, anamwita mjukuu kwa jina la baba yake na kumtikisia kichwa tu, na wanaongea mpaka bando linaisha.

Ijumaa iliyopita nimefungua, duara jekundu halipo katikati tena. Limehamia pembeni, pale pale ambapo mtoto hutoa uso.